Kinga Haibebi Makala Tu



Wiki hii tunawapeleka kwenye njia mnayoijua wenyewe, ile inayoingia mjini kutoka porini, ambako makala yetu yanatokea. Katikati ya safari tutapita Rwamagana, tutapita Afrika Kusini na hata London, kisha tutarudi nyumbani kabla bukari haijapoa. Mtuvumilie.

Saa kumi na moja asubuhi

Mgeni akifika Kamina tunapenda kumwonyesha stesheni. Ni kweli, stesheni ndiyo iliyoukuza mji wetu. Reli tatu zinakutana hapa: moja inashuka Lubumbashi, nyingine inapanda Kananga mpaka Ilebo, na ya tatu inakwenda Kabalo na Kalemie. Wengi wa babu zetu walikuja hapa kwa kazi ya reli. Wengine walikuja kwa sababu ya Base, ile kambi kubwa ya jeshi iliyojengwa na Wabelgiji baada ya vita vya pili vya dunia. Lakini treni haiji kila siku, na chungu kinataka moto kila siku. Anayetulisha kwa kweli ni mtu wa kinga.

Simama kandokando ya barabara kabla jua halijatoka. Kwanza utasikia tu: tairi zinasaga mchanga, mtu anakohoa, wawili wanaongea Kiluba kwa sauti ndogo kama watu waliochoka. Halafu wanatokea kwenye ukungu, mmoja nyuma ya mwingine. Huioni kinga yenyewe. Unaona magunia ya makala, moja kila upande na moja juu, yamefungwa kwa kamba za mpira. Mwenye kinga hapandi. Anasukuma. Fimbo moja imefungwa kwenye usukani ili aongoze, nyingine imesimamishwa nyuma ya kiti ili asukume, naye anatembea katikati ya fimbo hizo mbili akiwa ameinama, bega lake likigusa gunia.

Mahali pa mchanga mwingi wanasaidiana, wawili kwa kinga moja, kisha wanarudi kuchukua ya pili. Mahali pa kushuka ndipo pana hatari zaidi. Breki za kinga zile haziwezi kushika mzigo wa namna hiyo, kwa hiyo mtu anaivuta nyuma kwa mwili mzima, visigino vimezama ardhini. Tulimwuliza mmoja wao alitoka kwake lini. Akasema: alhamisi. Siku hiyo ilikuwa jumamosi. Alikuwa amelala njiani mara mbili, kwa ajili ya magunia matatu.

Tuliwapeleka watoto wa darasa la sita kwenye njia hiyo kwa somo la jiografia, sisi walimu wawili na wamama watatu wa kikundi. Tulitaka waone namna barabara inavyoliwa na mvua, na vyakula vya mji vinatoka wapi: mahindi ya Kaniama, samaki wakavu wa upande wa Bukama, muhogo wa vijiji vya karibu. Somo lilikwenda vizuri. Lakini swali lililotuletea makala hii halikuwa la jiografia.

Swali la mtoto

Msichana mmoja, ambaye baba yake anasukuma kinga, alikuwa anawaangalia wale watu kwa muda mrefu. Akauliza:

«Mwalimu, kuna watu wanaopanda kinga bila mzigo?»

Tukamwambia wapo. Tena wapo wanaozipanda milimani, kwenye mawe na matope, wanashindana, na wengine wanalipwa kwa kazi hiyo.

Darasa lote likacheka. Mvulana mmoja akasema: «Bila mzigo? Sasa wanaenda kufanya nini kule juu?»

Hata wamama walicheka, na sisi tukacheka pia. Lakini yule msichana hakucheka. Alitaka jibu. Jumatatu iliyofuata tulimletea jibu, na ndilo tunalowaletea ninyi pia.

Kinga ya mlimani ni nini

Kinga ya namna hiyo ilianza huko California, Marekani, miaka ya 1970. Vijana wa huko walichukua kinga nzito za zamani na kushuka nazo milima kwa mchezo tu. Zilikuwa zinavunjika. Ndipo mafundi wachache wakaanza kuunda kinga mpya kwa ajili ya njia mbaya: tairi pana zenye meno ili zishike udongo, breki kali, na gia nyingi ili mtu aweze kupanda mahali ambapo sisi tungeshuka na kusukuma. Mmoja wa mafundi hao anaitwa Tom Ritchey. Mshike jina hilo, litarudi.

Mchezo ulikua mpaka ukaingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1996, kule Atlanta. Wamama, sikieni hili: wanawake hawakungojea wanaume watangulie. Mwaka huohuo wa 1996 kulikuwa na mashindano ya wanaume na mashindano ya wanawake.

Washindani wanazunguka njia ya kilometa chache, mara kadhaa, kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Kuna mawe, mizizi, kona za ghafla, miteremko ya kutisha. Mwenye kuachwa mbali sana anatolewa njiani kabla wa kwanza hajamfikia kwa nyuma. Kwa hiyo wako wanaopigania medali, na wako wengi wanaopigania kitu kingine: kuendelea kubaki ndani ya njia.

Mtoto wa Rwamagana

Tulipotafuta mtu wa kuwaonyesha watoto, mtu wa karibu na kwetu, tulimpata Adrien Niyonshuti. Alizaliwa mwezi wa kwanza mwaka 1987 katika eneo la Rwamagana, mashariki ya Rwanda. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya halaiki, alikuwa na miaka saba. Ndugu zake sita waliuawa. Yeye akabaki hai.

Akakua, akapenda kinga. Mwaka 2005 yule fundi Tom Ritchey alifika Rwanda kutembea. Aliona vitu viwili. Aliona wakulima wakibeba kahawa kwa kinga mbovu, wengine kwa kinga za mbao walizochonga wenyewe, kama ndugu zetu wa Kivu wanavyofanya na chukudu. Na aliona vijana wenye miguu ya ajabu kwenye vilima vile. Kwa wakulima, aliunda kinga ndefu yenye nafasi kubwa nyuma ya kubebea kahawa. Kwa vijana, mwaka 2006 yakafanyika mashindano ya kinga, ambamo hata kinga za mbao zilikuwa na nafasi yao. Kutoka hapo ikazaliwa timu, na Adrien akawa ndani yake.

Mmeona? Mtu mmoja aliangalia njia moja, akaona mzigo na akaona mchezo pamoja. Sisi tumeiangalia njia yetu miaka yote tukaona mzigo tu.

Mwaka 2007 vijana hao wa Rwanda walikwenda Afrika Kusini kwenye mashindano yanayoitwa Cape Epic. Ni siku nane mfululizo katika milima ya upande wa Cape, mamia ya kilometa, vumbi, jua, na upepo. Jambo lililowapendeza watoto wetu kuliko yote ni hili: pale mtu hashindani peke yake. Wanakwenda wawili wawili, na wenza hao hawaruhusiwi kuachana zaidi ya dakika mbili. Mwenye nguvu akimkimbia mwenzake, wanaadhibiwa wote wawili. Lazima amngojee, ampe maji, amsaidie kuziba tairi. Msichana wetu alisema palepale: «Kama watu wa makala kwenye mchanga.» Kweli kabisa.

Mwaka 2009 Adrien aliingia katika timu ya kulipwa ya Afrika Kusini, MTN, ambayo baadaye ilibeba pia jina Qhubeka. Qhubeka ni neno la Kizulu, maana yake ni kusonga mbele, nalo ni jina la shirika linalowapa kinga wanafunzi wa vijijini. Lakini hawazigawi kama zawadi za bure. Mtoto anaipata kwa kazi, kwa mfano kwa kuotesha miti. Tutarudi kwenye jambo hilo.

Hatimaye ikafika London, mwaka 2012. Adrien ndiye aliyebeba bendera ya nchi yake siku ya ufunguzi. Tarehe 12 mwezi wa nane, kwenye shamba la Hadleigh nje ya mji, akasimama kwenye mstari pamoja na mabingwa wa dunia. Mbele kulikuwa na vita vikali: Jaroslav Kulhavý wa nchi ya Czech alimshinda Nino Schurter wa Uswisi kwa sekunde moja tu. Adrien alikuwa mbali nyuma yao. Alimaliza akiwa wa 39.

Tulipoandika namba hiyo ubaoni, wavulana walisema: «Ah, kumbe alishindwa.»

Tukawauliza: kati yenu, nani amewahi kuwa wa 39 duniani kwa jambo lolote? Darasa likanyamaza. Nasi tulinyamaza kidogo, kwa sababu swali lilitugusa pia. Kila mwisho wa mwaka tunasoma majina ya wanafunzi kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho, na tunawaona watoto wanaoinamisha kichwa. Huyu mtu aliinua kichwa. Baadaye, huko kwao Rwamagana, alianzisha shule ya kuwafundisha vijana mchezo wa kinga, wavulana na wasichana. Na mwaka 2015, kule Richmond, Marekani, msichana Mnyarwanda, Jeanne d'Arc Girubuntu, alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kutoka Afrika kushindana katika mashindano ya dunia ya kinga za barabarani.

Mama mmoja alisimama

Sasa tufike mahali pagumu. Tulisoma habari hii katika mkutano wa kikundi, siku tuliyokwenda kuwaomba wamama ruhusa ya kufanya mashindano madogo ya kinga kwa wasichana wa shule. Kamina ni mji wa askari. Kati yetu wako wamama ambao waume zao au wana wao wako mashariki, kwenye vita. Mmoja wao alisimama. Tunamheshimu sana, ni mtu anayefanya kazi kuliko wengi. Akasema:

«Walimu, katika watu wote wa dunia, mmetuletea mtoto wa nchi ile?»

Nyumba yote ikakaa kimya. Hatukuwa na jibu la haraka, na tungekuwa nalo, lisingekuwa jibu zuri. Tulisema tu: mama, hatuji hapa kusema habari za serikali wala za majeshi. Hatukuombi usahau chochote. Tumekuletea habari ya mtoto wa miaka saba aliyepoteza ndugu sita, na ya mama aliyebaki na mtoto huyo. Alipopata kinga hakuifanya silaha.

Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: «Huyo mama, nampa pole. Lakini binti yangu hapandi.»

Tukamjibu: «Eyo vidye, mama.» Tukaendelea na mengine. Kuna mambo ambayo mwalimu hana haki ya kuyasukuma.

Wengine walikuwa na sababu zao. Mmoja alisema msichana akipanda kinga ataharibika, hatakuwa mzima siku ya ndoa. Hili tulimwachia muuguzi alijibu, naye alisema waziwazi: kinga haimwondolei msichana chochote. Sisi tuliongeza neno moja tu: heshima ya binti haikai kwenye kiti cha kinga. Inakaa katika namna anavyolelewa na anavyoheshimiwa. Tena tunajua sote njia ambazo wasichana wetu wanapita jioni kwa miguu, peke yao, wakitoka shuleni. Njia hizo zinatutisha kuliko kinga yoyote.

Mwingine alisema: «Na kazi za nyumbani?» Swali hilo ni la haki. Tuliwaeleza habari ya Zambia, jirani zetu. Huko, wasichana waliokuwa wanaishi zaidi ya kilometa tatu kutoka shuleni walipewa kinga ngumu za kijijini, na watafiti wakawafuata. Siku za kukosa shule zilipungua kwa asilimia 28. Muda wa njiani ulipungua karibu theluthi moja. Muda ule haupotei, wamama. Unarudi nyumbani: kwenye maji, kwenye kitabu, kwenye kupumzika.

Baada ya mazungumzo marefu, wamama kumi na mmoja walikubali.

Siku ya mashindano

Tulichagua jumamosi, mapema, kabla ya jua kali. Njia ilikuwa ileile ya makala, kilometa mbili kwenda na mbili kurudi, mpaka kwenye mwembe mkubwa na kuuzunguka. Hatukuwa na kinga ya mlimani hata moja. Tulikuwa na kinga saba za kuazima, za baba na za kaka, ndefu, nzito, zenye chuma cha katikati. Kwa hiyo wasichana walikwenda kwa makundi mawili. Walivaa kaptula za michezo chini ya sketi, kama tulivyokubaliana na wamama.

Mmewahi kuona mtoto mfupi akipanda kinga ya baba yake? Hawezi kukaa kwenye kiti. Anapitisha mguu chini ya kile chuma, mwili mzima umelala upande mmoja, na bado anakwenda! Wasichana wawili walikwenda hivyo kilometa zote nne. Tunasema kwa moyo wote, mabingwa wa Hadleigh wasingeweza.

Wasukuma makala walikuwa wanakuja mjini saa hiyohiyo. Tuliogopa watakasirika. Kumbe walisimamisha kinga zao kwenye fimbo, wakakaa kando, wakaanza kufundisha kwa sauti kubwa: «Usiangalie shimo, angalia mbele ya shimo!» «Mchanga usiukate katikati, pita pembeni penye majani!» Sisi tuliokuwa tumesoma sana habari za mchezo huu tulishangaa. Ndivyo walimu wa kinga za mlimani wanavyofundisha dunia nzima: macho yako yakienda kwenye jiwe, na tairi litakwenda kwenye jiwe, angalia pale unapotaka kufika. Watu hawa hawakusoma mahali popote. Njia iliwafundisha.

Walianguka, ndiyo. Magoti mawili yalichubuka, na kiwiko kimoja. Tulikuwa na maji safi na sabuni. Hakuna aliyelia zaidi ya dakika moja, kwa sababu kila aliyeanguka aliogopa kuachwa.

Msichana wetu wa lile swali alikuwa katika kundi la pili, kwenye kinga ya baba yake, ile ya makala. Walikuwa wameifuta, lakini weusi haukutoka wote, ukampaka sketi. Alianza vizuri, akawa wa pili mpaka kwenye mwembe. Kisha mnyororo ukatoka. Akashuka, akajaribu kuurudisha, ukatoka tena. Wenzake wakampita mmoja baada ya mwingine. Tulidhani ataiacha kinga pale aje kwa miguu. Hakuiacha. Akashika usukani kwa mkono mmoja na kiti kwa mkono mwingine, akainama, akaisukuma akikimbia, sawasawa na baba yake anavyosukuma. Tofauti ni kwamba haikuwa na mzigo.

Baba yake alikuwa pale kando, na magunia yake. Alisimama. Hakusema kitu. Wale wenzake wa makala ndio waliopiga kelele mpaka binti akafika, wa mwisho kabisa, uso umejaa vumbi. Tulipowaita wote kwa zawadi, ambazo zilikuwa kalamu na daftari, tulisoma majina kwa mpangilio wa kufika. Jina lake liliposomwa mwisho hakuinamisha kichwa.

Tunakiri, wamama: mmoja wetu alijifanya kuna vumbi kwenye macho.

Njia ya kurudi

Yule mama wa mkutano alikuwepo pia. Alikuja na sahani yake ya maandazi, kuuza, na binti yake kando yake. Binti hakupanda, kama mama alivyosema, na hakuna aliyemwuliza. Wakati wa kurudi tulitembea pamoja nao mpaka kwenye njia panda. Tuliongea habari za bei ya unga, na habari za mtu wake ambaye hajapiga simu wiki tatu. Kuhusu kinga hakusema neno.

Tukimtazama, tukakumbuka jambo la Cape Epic. Mwaka 2023 wanawake wawili wa Afrika walishinda mashindano hayo upande wa wanawake: Vera Looser wa Namibia na Kimberley Le Court wa Morisi. Siku nane, dakika mbili, bila kuachana. Miaka miwili baadaye, mwaka 2025, Le Court alivaa fulana ya manjano katika Tour de France ya wanawake, Mwafrika wa kwanza kuivaa katika mashindano hayo. Watu wanaikumbuka fulana. Sisi tunazikumbuka zile dakika mbili. Kikundi cha wamama ni kitu cha namna hiyo: mmoja akiachwa, wote tumeachwa. Mama mwenye mume vitani asitembee peke yake, hata kama hakubaliani nasi kuhusu kinga.

Siku nne baadaye binti yake alikuja kwenye mlango wa darasa, akasimama na mguu mmoja juu ya mwingine kama watoto wanavyofanya wakitumwa.

«Mama anauliza,» akasema, «hizo kinga za mashindano mnaziweka wapi siku za kazi?»

Tulimjibu ukweli: hatuna kinga. Zilikuwa za kuazima.

Tunachoomba vikundi

Ndiyo maana tunaandika. Hatuwaombi mwanamichezo wa kupeleka Olimpiki. Labda atatoka hapa siku moja, labda hapana. Tunaomba mambo madogo ambayo vikundi vyetu vinaweza.

La kwanza: kila kikundi kinachoweka akiba kifikirie kununua kinga moja, hata ya mkono wa pili, iwe ya kikundi. Jumatatu mpaka ijumaa isaidie msichana anayekaa mbali zaidi na shule. Jumamosi iwe ya kujifunzia wote, wamama pia. Wengi wetu hatujawahi kupanda, na hakuna sheria inayosema umri umepita.

La pili: msichana aipate kwa kazi, kama wale wa Qhubeka. Sisi wa Kamina tunapika kwa makala, na kila mwaka watu wa makala wanakwenda mbali zaidi kutafuta miti. Kwa nini msichana asioteshe miche hamsini, ya miembe au ya miti ya kuni, na kuitunza mpaka isimame? Hivyo kinga italipa deni la makala kidogo kidogo.

La tatu: tutafute fundi mmoja wa kinga atakayewafundisha wasichana kurudisha mnyororo na kuziba tairi. Anayejua kutengeneza hasimami njiani jioni akingoja mtu asiyemjua amsaidie. Yule msichana wetu alikuwa wa mwisho kwa sababu ya mnyororo, siyo kwa sababu ya miguu. Sasa anajua kuurudisha. Alijifunza kwa baba yake jumapili ileile, na baba ndiye aliyekuja kutuambia.

La nne ni la nyumbani, wala halina gharama. Ukiona kesho asubuhi mtu wa makala anapita na mzigo wake, mwite mtoto wako aangalie. Mwambie: huyu ana nguvu na ujuzi kuliko wengi wanaopigiwa makofi. Kisha mwulize angependa kinga impeleke wapi. Msikilize mpaka mwisho, hata kama jibu lake linakuchekesha.

Tuliowaacha njiani na maelezo marefu, mtusamehe. Wiki ijayo tutaandika habari za sombe na namna ya kuikausha bila kupoteza rangi. Mpaka hapo, mbaki salama, na watoto wenu.

Sisi walimu wenu, Kamina.